Miti Minane ya Kukhu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Butula, kulikuwa na jambo moja nililolijua kwa uhakika kuliko hesabu: mwanamke akipanda mti, mumewe atakufa. Mahindi, sawa. Mboga, sawa. Mti, hapana. Sikumbuki nani alinifundisha. Kila mtu alilijua.

Ndiyo maana Mzee Wandera, shemeji ya bibi yangu, alijiamini kupita kiasi. Babu alikuwa ameshafariki, na Wandera alitaka kipande cha shamba letu upande wa mto. Alidai miti minane ya lusiola iliyosimama pale aliipanda yeye, kwa hiyo ardhi ni yake. Chifu aliwaita wote wawili waje kupatanishwa Jumatano.

Jumanne mchana bibi, tuliyemwita Kukhu, alifua gauni lake la kanisani, kisha akanikalisha kwenye kiti cha babu.

"Leo wewe ndiye chifu," akasema. "Niulize. Na usinionee huruma."

Nikakaza uso. "Mama, hii miti ni nani alipanda?"

"Ni mimi."

Nilidhani ananitania, lakini alikuwa akinitazama machoni. Akanieleza kwamba babu alipokuwa akifanya kazi Malaba, Wandera alisogeza mpaka kila msimu wa kulima. Basi asubuhi moja Kukhu alichukua miche minane akaipanda mwenyewe kwenye mpaka, akaficha siri hiyo miaka yote.

Niliogopa. "Kwa hivyo ni wewe uliua babu?"

Alilikamua gauni lililokuwa bado mikononi mwake, maji yakichuruzika. Nilitamani kulirudisha swali langu.

"Babu yako aliishi miaka kumi na mbili baada ya hiyo miti," akasema mwishowe, "akikula kuku zangu na kunenepa. Ni mti gani huo unangoja miaka kumi na mbili? Uliza tena."

Niliuliza tena, na tena. Mara ya tatu sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Jumatano, mbele ya chifu na ukoo mzima, Wandera alisimama akitabasamu. "Hii miti nilipanda mimi. Ama kuna mwanamke hapa anataka kusema ni yeye?"

Watu wakacheka. Kukhu akasimama.

"Niko hapa. Nilipanda yote minane, na chini ya kila mmoja nilizika kigae cha chungu changu. Leteni jembe."

Walichimba kwenye miti miwili tu. Vigae vilipotoka, Wandera alibaki akiangalia viatu vyake, na chifu akatamka kwamba mpaka ubaki palepale. Baadhi ya wanawake wa kanisani waliacha kumsalimia Kukhu. Yeye akawa anawasalimia kwa sauti kubwa zaidi, makusudi.

Leo nina shamba langu Matayos, na lusiola nimepanda kwa mikono yangu, mume wangu akinishikia miche. Akipata mafua kidogo, mama mkwe hunipigia simu kuulizia ile miti. Namwambia inaendelea vizuri, na nitaongeza mingine.

Swali langu la siku ile liliniuma kwa miaka mingi. Sasa nafikiri Kukhu alilitaka. Alijua ukoo ungemuuliza hivyohivyo, naye akaona heri aulizwe kwanza na mtu anayempenda.