Video Yangu, Mlango wa Mzee Harilal

Umewahi kuitwa tapeli, halafu ushahidi uwe video uliyoilipia mwenyewe? Mimi yamenikuta. Kariakoo hapahapa, mchana kweupe, watu wamejaa.

Naitwa Sabaha, nauza mapazia. Tangu nimalize shule nimeuza kwenye maduka ya watu, nafokewa mimi, mpaka mwaka jana nikapata fremu yangu mwenyewe. Kasoro moja tu: ghorofa ya tatu, lifti mbovu.

Jamani, mteja wa Bongo hapandi ngazi!

Nikaona bila video ya maana, siyo hizi za kujirekodi na simu, nafunga duka narudi kufokewa.

Nikampata Ansbert, kijana wa video, ana kamera na taa zake. Akaniuliza, "Dada, mtu akimaliza kuangalia unataka afanye nini?"

"Aje dukani. Basi."

"Imeisha hiyo."

Siku ya kurekodi akapanda, akachungulia, akakunja uso. "Dada, humu giza. Halafu padogo, mapazia yataonekana kama magunia."

Iliniuma, ila alisema kweli.

Sasa chini kabisa, mlango unaotazama barabara, kuna Mzee Harilal. Naye anauza mapazia, duka kubwa, vioo vitupu. Usishangae, Kariakoo ndivyo tunavyoishi. Mteja akitaka rangi ambayo sina, nashuka naichukua kwake; yeye akiishiwa anatuma kwangu. Mzigo tunaazimana kila siku, nikaona hata duka linaazimika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Sabaha. Leo unataka rangi gani?"

"Leo nataka duka zima, asubuhi moja tu."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Chukua, mama. Usinivunjie kioo tu."

Video ikatoka. Weee! Mimi huyo nimepambwa, nafungua mlango wa kioo: "Karibu Sabaha Mapazia, Mtaa wa Aggrey!" Ikasambaa mpaka shangazi yangu wa Tanga akanipigia kunipongeza.

Simu zikaanza.

"Dada, nimefika Aggrey, duka nimeshaliona."

"Karibu sana mpenzi!"

Nasubiri. Hapandi mtu.

Mwingine: "Nimeliona, naingia." Haonekani.

Nikashuka kuangalia kulikoni. Kwa Mzee Harilal pamefurika, watu wameshika simu wanalinganisha mlango na video. Nikamshika mama mmoja mkono. "Mama, duka langu liko juu, ghorofa ya tatu, twende."

Akauchomoa mkono wake. "Niache! Ndiyo nyie mnaopeleka watu vichochoroni. Duka ni hili, ona!" Akaniwekea video yangu.

"Mama, huyo si ndiye mimi?"

"Huyu dada wa watu kapendeza. Wewe jasho linakutiririka. Tapeli mkubwa!"

Mtaa mzima ukageuka. Nilitamani kulia palepale.

Nikampigia Ansbert. "Watu wote wanaingia kwa Harilal!"

"Dada, si ulisema waje dukani? Wamekuja."

Nikakata simu kabla sijamtukana.

Nikabandika mshale kwenye ngazi. Nikaandika chini ya video, "ghorofa ya tatu." Nani anasoma? Mtu ameshauona mlango wa kioo, ngazi za nini?

Haukupita muda mrefu, nikafunga duka. Nikiwa nakunja mapazia yangu, Mzee Harilal akapanda anahema, mkononi boksi la ladu, vile vitamu vya Kihindi.

"Sabaha, sikukwambia. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga duka mwezi huu. Umeniokoa. Wateja wanamuulizia dada wa kwenye video, nawajibu nini? Njoo tufanye kazi, mama."

Ningefanyaje? Nikaenda. Mzee hafoki, mshahara anatoa vizuri, lakini roho inaniuma kila nikipita kwenye ngazi zile.

Wiki iliyopita yule mama akarudi. Safari hii nimejipodoa, niko kwenye kiyoyozi. Akanikumbatia.

"Dada wa video! Kuna tapeli mmoja hapa nje, alitaka kunipeleka juu, anajifanya ni wewe. Kuwa naye macho."

Nikamwambia, "Ahsante mama, namjua."

Ndugu yangu unayepanga kutengeneza video ya biashara, kamera nzuri tafuta, poda paka, lakini mwonyeshe mteja mlango wako mwenyewe, hata kama una kutu. Wangu haukuwa hata na kutu. Ulikuwa na giza tu, na taa ya kununua nilikuwa naiweza.