Bakora Yangu Ilivyokwenda Italia Bila Mie

Jamani, bakora yangu imefika Italia kabla yangu.

Msinicheke. Mie nimekaa zangu Ruwi, hapa Maskati, na bakora ya marehemu baba, ile yenye kichwa cha fedha, naiona kwenye simu iko juu ya kilima cha Wataliana.

Na kaishika nani? Saeed.

Ngojeni nianze mwanzo.

Mjukuu wangu Lujain anasoma huko Italia. Masomo yao yakafungwa siku chache, wazee wake wakaamua kumfuata. Wawe wanatembelea ile miji ya mawe huko vilimani, wende asubuhi warudi magharibi.

Akanipigia. "Babu, na wewe twende."

"Aa, mie na magoti haya? Nendeni tu."

Nyinyi mnatujua. Mtu akikukaribisha chakula unasema umeshiba, mpaka akushike mkono. Basi na mie nlikuwa nangoja kushikwa mkono.

"Haya babu, pumzika." Akakata simu.

Kesho yake nasikia anakwenda Saeed, babu yake wa kwa mama, yule wa Qurayyat. Magoti yake mabovu kuliko yangu, wallahi. Kaulizwa mara moja tu, kajibu hewalla.

Roho iliniuma, siwafichi.

Picha zikaanza kumiminika. Saeed kwenye ngazi. Saeed chini ya mnara. Saeed na kikahawa chake, anajishaua. Na bakora mkononi.

Nikenda kutazama nyuma ya mlango. Haipo. Mwanangu Nasr, baba yake Lujain, kaichukua bila ya kuniuliza.

Lujain akipiga, sipokei. Siku tano namchunia mjukuu wangu mwenyewe.

Waliporudi, Saeed kaja kwangu na bakora, uso kaukunja.

"Karibu mwizi," nikamwambia.

"Shika bakora yako. Imenitesa."

"Imekutesa nini, na wewe ulikuwa unakula raha?"

Akakaa kitako. "Lujain ndiye aliyeitaka. Kasema, babu kama haji, bakora yake ije. Kila tukikaa kunywa kahawa inawekewa kiti chake. 'Hapa babu angesema hivi, hapa babu angecheka.' Na mie pia babu yake, nipo palepale. Nimeona wivu wa kipande cha mti, Hamoud."

Nikaishika bakora yangu.

Simu ikalia. Lujain. Nikapokea.

"Babu, umenikasirikia?"

"Mnakwenda tena lini?"

"Mwezi wa saba, inshallah. Lakini si ulisema magoti..."

"Hewalla. Ntakuja."

Saeed akaniguza bega. "Muulize kama na mie nimo."

Ulimi ulikuwa tayari kumwambia kaa na magoti yako. Nikamtazama, nikamuulizia.

Wazee wenzangu, watoto hawa ukiwaambia hutaki, wanakuamini. Ukiitwa na roho inataka, itika palepale. Mie nimejitia nimeshiba, nikalala na njaa siku tano, kisha nikamnunia aliyeniwekea sahani.