Mwizi wa Mashuka wa Kawetele

Nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo mnicheke nyinyi. Biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, Mzee Ambakisye wa Kawetele alikarabati nyumba ya shamba iliyoachwa na mzungu, akaanza kuwapangisha watu wa likizo. Nikaja kutoka Dar kupumzika, mimi ambaye kukaa kitako siwezi. Mvua haikatiki, nami nazunguka vyumbani nachungulia kila dirisha.

Ndivyo nilivyomshuku mama aliyekuwa akifanya usafi. Kila Mzee Ambakisye alipokohoa njiani, mama huyo aliacha kazi, akajifunika kanga, akachomoka mlango wa nyuma hadi migombani. Siku ya kwanza nilishangaa. Ya pili nilikosa usingizi. Ya tatu alichomoka na mashuka kwapani, nikajua mwizi nimempata.

Nilimkimbiza kwenye matope na kandambili zangu, nikamshika mkono, nikamburuta hadi barazani, kanga imemdondoka.

"Niache, baba! Niache!" alilia.

"Mzee!" niliita kwa sauti ya hakimu. "Njoo umwone mwizi wako!"

Mzee akatokeza na mwavuli wake. Alituona, akautupa, akageuka na kutimua mbio hadi migombani, mzee wa mvi kichwa kizima!

Kisha sauti yake ikatoka kwenye migomba, imechoka kabisa.

"Mgeni wangu, huyo ni mke wa mwanangu, alikuwa anakwenda kukufulia. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Ana miaka kumi na miwili hapa, na uso wake nilikuwa siujui. Mpaka leo."