Kamati ya Kiporo

Mpishi wa shule alikuwa mpana wa moyo na mfupi wa subira. Wanafunzi walimwita Mama Upawa, kwa sababu upawa haukumtoka mkononi. Hata akienda kupiga soga na mlinzi getini alikwenda nao, na akikasirika aliwanyooshea watu kama askari anayeongoza magari. Miaka kumi na tisa alisimama nyuma ya kidirisha cha jikoni akipakua wali na maharage, na kwa kuwa kidirisha chenyewe kilikaa chini, nyuso za wanafunzi hakuziona. Aliona mikono tu.

Mikono ilimtosha. Mkono wa aliyeshiba kwao hushika sahani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota gazeti la juzi. Wa mwenye njaa hauji peke yake. Huja na mwenzake, na sahani hubanwa kama mtoto mchanga. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote, maana siku mbili nzima jiko la shule lilikuwa limelala.

Mikono aliyoijua kuliko yote ilikuwa ya binti wa kidato cha pili waliyemwita Polepole. Alikula nusu, taratibu, na nusu akaifunga kwenye mfuko akawapelekea wadogo zake. Mama Upawa alilijua hilo, na kila Ijumaa upawa wake uliteleza kwa bahati mbaya, mmoja ukawa pawa mbili. Mwaka mzima bahati mbaya ile haikukosa hata Ijumaa moja, na hakuna aliyesema neno.

Ndipo kikazaliwa chama cha wanafunzi. Mwenyekiti wake, binti mrefu wa kidato cha nne mwenye miwani, alizungumza kama anasoma taarifa ya habari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Chakula bado."

"Sikuja kula. Tunataka kutokomeza njaa."

Mama Upawa akaitazama saa ya ukutani. "Leo?"

"Tunaanza leo."

Basi wakaweka meza katikati ya bwalo, wakaipamba kwa maua ndani ya chupa, na juu yake wakatundika bango: WASIO NA CHAKULA NYUMBANI, KARIBUNI, MSIONE HAYA. Chakula cha ziada kilikuwepo, maana kila siku kulikuwa na mafungu ya waliokosa kuja shule. Siku zote mafungu hayo yalikwenda kwa kuku wa mwalimu mkuu, kuku walionenepa mpaka jogoo akawa anawika amekaa.

Kengele ikalia. Bwalo zima likageuza shingo kuona nani atakaa pale. Hakukaa mtu, isipokuwa mwalimu wa hesabu. Bango hakulisoma, kwa kuwa halikuwa na namba. Alikula sahani tatu, akasifu maua.

Na siku hiyo mikono ya Polepole haikuja dirishani. Kesho yake pia haikuja. Siku ya tatu Mama Upawa akatoka jikoni, upawa begani, akamkuta nyuma ya madarasa ameegemea ukuta, midomo imemkauka.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini, upepo?"

Polepole akatazama chini. "Wanatafuta nani ana njaa. Wakiniona nafunga chakula watajua ni mimi. Bora niache tu shule nikatafute kazi."

Mama Upawa alirudi akiwa na hasira za kukoroga sufuria mbili kwa mpigo. Akamwita Mwenyekiti.

"Mama, utafiti wetu umekamilika," Mwenyekiti akaanza. "Ukimtoa mwalimu wa hesabu, meza imekaa tupu siku tatu. Shule hii haina mwenye njaa."

"Mwanangu, ukitoboka sketi, unapanda jukwaani kuonyesha tundu?"

"Hapana, Mama."

"Basi shika upawa. Pakua. Usiiname kuwatazama usoni, tazama mikono."

Mwenyekiti akapakua. Mwanzoni aliongea, kisha akapunguza, kisha akaanza kuhesabu. Sahani ya mwisho ilipopita alisema kwa sauti ndogo, "Nimeona kumi na wanne."

"Na wa kumi na tano humwoni, kwa sababu bango lenu limemfukuza. Anataka kuacha shule."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa aproni ya Mama Upawa.

"Machozi yaweke mbali na maharage," Mama Upawa akasema. "Chumvi imetosha."

Asubuhi yake, mistarini, Mwenyekiti akasoma tangazo. Jikoni kuna uchunguzi: chakula cha shule kikibebwa nyumbani, kinakaaje mpaka asubuhi? Wafuatao wameteuliwa kwenye Kamati ya Kiporo. Kila mmoja atapewa chombo chenye mfuniko, na kesho yake ataleta ripoti ya maandishi. Atakayekataa atasugua masufuria wiki nzima.

"Uonevu huu!" shule ikaguna, na hapo Mama Upawa akajua mambo yamekaa sawa. Majina yalikuwa ya wale kumi na watano, ambao Mama Upawa aliwatambua mmoja mmoja kwa mikono yao, pamoja na wachache walioshiba, Mwenyekiti mwenyewe akiwemo.

"Tia na walioshiba," Mama Upawa alikuwa amemwambia. "Kama chumvi. Kidogo, lakini isipokuwemo watu hujua."

Mwalimu wa hesabu alijitolea bila kuombwa, akisema uchunguzi bila hesabu ni umbea.

Polepole alikuja jikoni amenuna. "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Una mwandiko mzuri."

"Nani kasema?"

"Shika chombo, usinicheleweshe."

Ripoti zikaja. Mwalimu wa hesabu aliandika: *Hakikufika nyumbani.* Mwingine aliandika: *Kililala vizuri, ila baba alikiamsha alfajiri.* Baada ya wiki mwalimu mkuu akapita jikoni, uso umemwiva.

"Mama, mbona kuku wangu wanakonda?"

"Hawakondi, Mwalimu Mkuu. Jogoo sasa anawika amesimama."

Akafikiri, akaona kweli, akaenda zake.

Ripoti ya Polepole ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuja. Mama Upawa aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, huku Mwenyekiti akichungulia begani:

*Chakula cha shule kikibebwa kinabaki salama. Sikuweza kujua kama kinakaa mpaka asubuhi, kwa sababu wachunguzi nyumbani ni wanne na chombo ni kidogo. Naomba uchunguzi uendelee.*

Mama Upawa akakunja karatasi, akaitia kifuani. Akapanda kwenye kigoda, akashusha kutoka rafu ya juu chombo kikubwa kuliko vyote.

Kengele ikalia. Mikono miwili ikatokea dirishani. Akaisukumia chombo.

"Ripoti yako ina makosa," akasema. "Rudia."