Popo Kwenye Chupa ya Ugoro

Madam, Mchina mwenye duka la zawadi karibu na International City, alinipa siku moja ya majaribio. Visa yangu ya matembezi ilikuwa inaelekea kuisha, na shahada yangu ya masoko haikuwa imemshtua mtu yeyote Dubai. Nikiuza hata chupa moja ya ugoro, alisema, kazi ni yangu.

Chupa zenyewe zilikuwa za jiwe, ndogo za kuenea kiganjani, zimechongwa wanyama. Asubuhi alinifundisha maana zao: nyani juu ya farasi ni cheo kinachokuja haraka, samaki ni neema, popo ni bahati. Kwenye popo nilikwama. Kwetu popo akiingia ndani, watu hawalali. Nikamficha nyuma ya samaki, kisha nikahofia madam ataona, nikamrudisha mbele.

Mchana akaingia mama mmoja, mfanyabiashara wa Kitanzania, mifuko mikono yote miwili. Alitafuta zawadi ya babu wa mumewe, mzee wa ugoro. Akaishika ileile ya popo.

"Kipepeo wake mzuri."

Nikinyamaza, nimepata kazi. Lakini akilini nilishamwona yule mzee nisiyemjua, amevaa miwani, anageuza chupa, anaita ukoo mzima.

"Dada, huyo si kipepeo. Ni popo. Ila kwa Wachina ni bahati. Na kwa kweli popo hana neno, wengine wanakula matunda tu, wengine wadudu..."

"Mdogo wangu, unauza au unafundisha?"

"Nauza. Kuna samaki pia."

Akachungulia yale mabawa, akaanza kucheka mpaka mfuko mmoja ukamponyoka. "Yule babu mtani wangu. Tangu niolewe ananiita mke wake, anasema mjukuu wake kamnyang'anya. Nikimpelekea kitu kizuri kama samaki atadhani namtaka kweli. Nifungie popo. Akiuliza kama nataka kumroga, nitamwambia nilishamroga zamani, ndiyo maana hana meno."

Alipoondoka, madam, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, akaniuliza nilimwambia nini yule mteja. Nikajibu kwamba nilimwambia ukweli, ila kwa urefu kidogo.

"Khalas," akasema, yaani basi, yamekwisha. "Kesho lete pasipoti na picha."

"Picha ya nyuma nyeupe au bluu, madam?"

Akanitazama. "Nyeupe."

Nilipiga za aina zote mbili.