Walinzi Kumi na Wawili wa Hasamba

Sikuipenda safari ile tangu nilipoambiwa. Nilikuwa karani wa boma la Mbeya, mwaka wa nne kazini, mtu wa meza na wino, na safari nilizozizoea zilikuwa za kwenda kwetu Ileje wakati wa likizo. Lakini mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Mbozi alikuwa amemwandikia Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, malalamiko: vijana wa Hasamba wanachoma pori ovyo, wanapiga miluzi, wanawatukana wapita njia, na walinzi wa moto waliosajiliwa na serikali hawaonekani. Vijana watatu walikuwa wamekwisha kukamatwa na kuwekwa mahabusu Tunduma.

Bwana Shauri alinikabidhi orodha ya walinzi, majina kumi na mawili. "Nenda ukawahesabu," alisema. "Kama wapo wote, basi moto huu ni uhuni tu, na wale vijana watachapwa viboko na kupelekwa kazi ya barabara. Kama hawapo, nitamwuliza jumbe. Wewe usiamue lolote. Angalia, andika, niletee."

Maneno hayo yalinifurahisha. Kuamua kunanipa kiungulia.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilipanda lori la Mhindi lililokuwa likipeleka chumvi na mabati Tunduma. Nilikaa mbele na dereva, baiskeli yangu ikafungwa juu ya magunia. Ulikuwa mwezi wa nane, nyasi zimekauka pande zote za barabara, na vumbi jekundu liliingia hata ndani ya soksi. Dereva alinieleza habari za wakwe zake kutoka Mbeya mpaka Ihanda bila kupumua. Niliposhuka pale Ihanda alasiri, niliujua ukoo ule kuliko wangu.

Kutoka Ihanda niliendesha baiskeli hadi Hasamba, nikafika kwa Jumbe Nzunda jua likiwa bado juu. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti zito alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, na kila alipoulizwa swali alilifunga vifungo kwanza. Alinikaribisha vizuri, nikapewa maji ya kuoga, ugali wa ulezi na maharage. Nilipomwuliza kama walinzi wake wapo, alifunga kifungo cha juu.

"Wapo, karani. Kesho utawaona wote."

Jumanne asubuhi watu walikusanyika mbele ya nyumba yake. Nilihesabu wazee wanne na wanawake wanane, nikadhani wanawake wamekuja kutazama. Nikaita jina la kwanza, akaitika mzee. La pili, la tatu na la nne pia wazee. Nikaita la tano, "Yohana Simkoko!"

"Yupo," akajibu mwanamke mrefu aliyefunga kitenge kifuani.

"Mama, wewe ndiye Yohana?"

"Yohana ni mwanangu mkubwa. Yuko migodini, ng'ambo. Nyumba yake imekuja."

Watu hawakucheka. Hawakuona la kuchekesha. Nikaendelea kuita, na majina saba yaliyofuata yakaitikiwa na wake na mama zao, wote kwa sauti ileile ya "yupo". Kwa majina matatu, lile la Yohana na mawili ya mwisho, mama zao waliongeza jambo jingine. "Yupo," alisema yule mama wa Yohana, ambaye jina lake ni Tabita, "lakini anayemfanyia kazi ni mdogo wake Yakobo, na Yakobo mmemfunga."

Nikamgeukia jumbe. Vifungo vyote vilikuwa vimekwisha kufungwa, kwa hiyo ilimbidi aseme.

"Karani, serikali ilitaka majina ya wanaume kumi na wawili. Niliwapa majina ya wenye nyumba. Mwenye nyumba akienda migodini, nyumba haihami. Inamtoa yeyote iliye naye."

"Mbona hukuyafuta majina ya walioondoka?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimfute mtu aliye hai? Mama yake angekuja hapa na kilio cha msiba. Kwetu hatufanyi hivyo."

"Na askari alipokuja kuwakamata vijana, kwa nini hukumwambia kuwa wao ndio walinzi?"

"Aliniuliza kama majina yao yamo kwenye orodha. Hayamo. Nikasema kweli."

Baada ya hapo Tabita alinipeleka kuona kazi yenyewe. Kijiji kilizungukwa na ukanda mweusi wa nyasi zilizochomwa kwa utaratibu, upana wa hatua ishirini hivi. Ndiyo kinga yao: wanachoma kidogo kidogo kabla ya upepo mkali, ili moto wa pori ukija usikute cha kula. Ukanda ulikatika upande wa kaskazini. Pale vijana walikamatwa wakiwa kazini, na nyasi ndefu zilibaki zimesimama mpaka karibu na shamba la Tabita. Alikuwa na mibuni ya miaka mitatu, aliyoipanda Yohana kabla ya kuondoka, na mwaka ule ndiyo kwanza ilikuwa imebeba.

"Sisi wanawake tunazima," alisema, "lakini kuuwasha moto na kuushika ni kazi ya wenye mbio. Mwanangu, nirudishie Yakobo kabla ya Jumapili. Upepo wa mwezi huu nimeuzoea."

Nilimwahidi kwamba nitaandika.

Jumatano saa sita mchana nilifika Tunduma kwa baiskeli, miguu ikiniuma. Mahabusu ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya kituo cha askari. Yakobo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, mwembamba, na kwake kila jambo lilikuwa mzaha.

"Shikamoo, karani. Umekuja kutuchapa wewe mwenyewe?"

"Nimekuja kuuliza. Mlichoma pori?"

"Tulichoma kinga. Na ndezi wakatoka kwenye nyasi, tukawafukuza. Ndezi akitoka, karani, kwa utamu wa nyama yake hata wewe ungeacha baiskeli."

"Miluzi?"

"Ya kumzunguka ndezi."

"Na matusi kwa yule mzungu?"

Wenzake wawili walitazama sakafu. Yakobo alijaribu kuzuia kicheko. "Alisimamisha gari akatupigia kelele. Tukamwimbia wimbo. Ulikuwa juu ya tumbo lake."

Kwa hiyo hawakuwa malaika, na hilo niliandika. Niliandika pia kwamba walikuwa kazini. Koplo wa kituo, mtu mzima aliyechoka kuwalisha, alisoma juu ya bega langu.

"Karani, mambo yako wazi. Tia sahihi hapa kwamba boma linawachukua, uondoke nao leo."

Nikamwambia sina mamlaka hayo. Nimetumwa kuangalia na kuandika. Taarifa itaenda Mbeya kwa lori la jioni, majibu yatakuja. Yakobo alisikia kupitia dirisha la nondo, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Karani, kipande cha kaskazini," alisema. "Nipe siku moja tu. Nitakimaliza, nitarudi mwenyewe humu ndani."

Nilimjibu kwamba taratibu zipo kwa faida yake.

Alhamisi nilishinda Tunduma nikingoja. Nililala kwa Bwana Siame, muuza chumvi na samaki wakavu, ambaye nusu ya ndugu zake wako upande wa pili wa mpaka na huvuka kwenda kuwasalimu kama mtu anayevuka ua. Mbele ya duka lake walipita vijana wenye masanduku ya bati vichwani, wakielekea migodini. Wateja walimwita "mukwai" kwa heshima, naye aliwajibu Kibemba, kisha akanigeukia kwa Kiswahili, maana nilikuwa nimemsimulia ya kituoni.

"Kwa hiyo karani, mlango ulikuwa wazi mbele yako, ukapeleka barua uulize kama ni mlango?"

Nilicheka kwa adabu. Siku ile nilifua soksi, nikapiga pasi shati, nikanakili upya nakala niliyobaki nayo ya taarifa kwa mwandiko mzuri zaidi. Upepo ulivuma tangu asubuhi na kuangusha mabati ambayo mke wa Siame aliyaegemeza ukutani.

Ijumaa saa tano majibu yalikuja kwa mkono wa dereva. Mistari miwili: vijana waachiwe, orodha isahihishwe. Tukapanda lori hilohilo, vijana watatu juu ya magunia. Kabla ya kufika Ihanda, Yakobo aligonga paa la dereva kwa ngumi. Nilitoa kichwa nje nikaona moshi upande wa Hasamba, mwingi, mweupe, wa moto uliokwisha shiba. Lori halijasimama vizuri, walikuwa wameruka na kukimbia.

Mimi nilifika baadaye kwa baiskeli. Kijiji kilikuwa kimepona, kwa sababu kinga ilikuwa imeusimamisha moto pande tatu. Upande wa nne moto ulikuwa umeingia shambani kwa Tabita. Wanawake walikaa chini wakiwa weusi kwa masizi, wameshika matawi yaliyoungua. Tabita alikuwa amefungwa majani ya mgomba mkononi. Alinijibu salamu yangu na kumwambia binti mmoja aniletee maji ya kunywa. Ningependa zaidi angenitukana.

Yakobo alikuwa ndani ya mibuni. Alikwaruza gome la kila mti kwa ukucha kuona kama ndani bado kuna ubichi, akahamia wa pili, akahamia wa tatu. Nilimfuata nikiwa na kofia mkononi. Mwisho wa mstari wa pili aliacha kukwaruza.

"Kaka aliniachia niitunze," alisema.

Niliona haya mbele ya mtoto yule kuliko nilivyowahi kuona mbele ya mtu yeyote. Nilitaka kumwambia kwamba nilifuata amri, na kweli niliifuata.

Jumamosi niliandika orodha mpya kwa watu waliokuwapo: wazee wanne, wanawake watano, na vijana watatu, jina la Yakobo likiwa la kwanza kati yao.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Mbeya. Bwana Shauri alisoma, akawakata wanawake kwa mstari mmoja, akaniagiza niyarudishe majina ya wanaume wao. Kisha alinisifu. Alisema karani mwingine angejiamulia pale Tunduma na kuleta vurugu. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ofisi mpaka uso uliponipoa.

Haukupita mwezi, tarishi akaleta habari kwamba Yakobo amevuka mpaka kwenda kumfuata kaka yake. Jina lake lilikuwa mbele yangu na kalamu nilikuwa nayo, na kulikata ilikuwa kazi yangu hasa.

Sikulikata. Atakuja karani mwingine kuhesabu, ataliita mbele ya nyumba ya jumbe, na Tabita ataitika kwamba yupo.