Kupanda Bila Kusikika

Walisema sitaweza. Waliosema ni wengi na nawakumbuka wote, maana mimi si mtu wa kusahau dharau. Mpakizi wa magunia wa Malaba, walisema, ana mabega lakini hana kichwa. Ataenda Nairobi na atarudi mikono mitupu. Nilirudi na diploma ya uongozaji wa watalii. Niliisomea jioni, na mchana nilipika na kuosha sufuria katika kambi ya wapanda miamba kule Bonde la Ufa, nje kidogo ya Nairobi. Basi wakabadilisha wimbo. Diploma sawa, wakasema, lakini ule uso wa mwamba ulio nyuma ya boma la shangazi yako hutaupanda.

"Hiyo ni kazi ya wazungu na pimbi," mzee mmoja aliniambia pale stendi ya bodaboda. "Wewe ni pimbi?"

"Mzee, pimbi hana diploma," nikamjibu.

Stendi nzima ilicheka, na sijui mpaka leo walimcheka nani.

Mwamba wenyewe ni mrefu kuliko mikaratusi iliyo chini yake. Nyuma unateremka taratibu, na shangazi hupita huko na karai lake kwenda kuanika mihogo kileleni. Mbele umesimama wima, na katikati umevimba kama shavu la mtu anayeumwa jino. Kila mtu aliniuliza swali lile lile: kama nyuma kuna njia na mbuzi wanaijua, mbele unatafuta nini?

Nilikuwa natafuta kitu nilichokiona kambini. Kulikuwa na mama mmoja aliyefika pale mara chache, na kila alipofika wapanda miamba waliacha kubishana. Hadithi zake zilimtangulia: magenge aliyokuwa wa kwanza kuyapanda, mlima alioupanda akiwa peke yake, wanaume aliowaacha chini wakimwangalia. Nilitarajia jitu. Akashuka garini mwanamke mfupi mwenye mvi, mikono myembamba, ambaye singempa hata debe la mahindi abebe.

Vijana wenye misuli walipanda genge la pale kambini wakiguna, viatu vikikwaruza, changarawe zikituangukia kwenye ugali. Yeye alipopanda ilibidi uinue macho ndipo ujue yuko juu. Alitazama mahali pa kuweka mguu mpaka mguu ulipofika, na akishauweka hakuurekebisha. Nyonga ilisogea kwanza, kisha mkono ukafuata, kama mtu anayechukua kikombe kabatini. Pale ambapo wengine walitetemeka, yeye alisimama, akakung'uta mkono mmoja, akakung'uta wa pili, akaendelea. Nimeona harusi nyingi na magwaride mengi. Sijaona mwili wa binadamu ukienda vizuri namna ile.

Tena nilimwelewa kuliko wale vijana wenye viatu vya bei ghali. Pale Malaba tulipanda malori kwa ubao mmoja, gunia mgongoni. Mpakizi mbaya hugombana na ubao. Unaruka, naye anaruka nao. Mpakizi mzuri utamjua kwa ubao uliotulia. Mimi wangu ulikuwa umetulia, nasema bila haya. Nikaapa kwamba nitapanda mwamba wa kwetu kama yule mama, au niache kabisa.

Kamba, mishipi na viatu nilikuwa navyo, nimevinunua kwa jasho langu. Nilikosa watu. Kwetu siku ya mtu hukopwa: unakuja kunilimia leo, nami nitakulimia kesho. Hakuna karatasi wala shahidi, lakini asiyerudisha siku huyo hahesabiwi tena. Nilikopa siku kwa watu watatu. Wa kwanza ni mwenzangu wa zamani wa magunia, ambaye nilimfundisha kunishikia kamba. Wa pili ni muuza maturubai wa Busia mjini, Mwislamu mpole aliyefunga mizigo ya malori ya Kampala tangu ujana wake. Huyo alikagua mafundo yangu na kukaa juu, pale kamba ilipofungiwa. Wa tatu ni shangazi, kwa sababu kamba ilipita kwenye uwanja wake wa mihogo, na siku ya kamba haikuwa siku ya kuanika vizuri. Mvua zilikuwa zinakaribia. Zikianza, mwamba huota ukungu wa kijani na watu wote huingia shambani. Nilikuwa na wiki chache tu.

Siku ya kwanza nilienda kwa nguvu. Nilifika kwenye uvimbe, mikono ikajaa damu ikakakamaa, vidole vikafunguka vyenyewe. Nikabaki naning'inia kama nyama ya buchani.

"Boss, tukupimie kilo ngapi?" mtu akaita kutoka chini.

Siku ya pili watu walikuja wengi zaidi, na yule mzee wa stendi aliletwa kwa pikipiki. Nilipanda. Nilitumia magoti, viwiko, tumbo. Niliuvuta ule uvimbe kama mtu anayeng'oa kisiki, na nilipojitupa kileleni katikati ya mihogo, vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Hata mzee alipiga makofi. Ningeweza kuishia hapo, na ningekunywa chai ya bure Malaba mwaka mzima.

Nikashuka nikasema, "Hii haihesabiki. Nahitaji siku nyingine."

Mwenzangu aliitupa kamba chini. "Umefika juu! Tumeona sisi wote!"

"Nilifika vibaya."

"Kuna kufika vibaya? Lori likijaa, nani anauliza lilijazwaje?"

"Wewe uliuliza," nikamwambia. "Ulikuwa unawafukuza wapakizi waliorusharusha ubao."

Muuza maturubai alikuwa anakunja kamba polepole. "Mwacheni," akasema. "Mzigo uliofungwa vibaya hufika pia. Lakini mwenyewe anajua."

Shangazi ndiye aliyekuwa mgumu. "Mihogo yangu imeanza kuota ukungu kwa ajili ya miguu yako, baba. Nakupa siku moja. Ukiomba nyingine utaniomba ukiwa kaburini."

Wiki ile sikupanda kitu. Kila asubuhi nilisimama chini ya mwamba na kusoma mahali pa miguu, mpaka nikaujua uso ule kwa moyo. Niligundua nilikuwa nauparamia uvimbe moja kwa moja kwa sababu mabega yangu yaliweza. Yule mama asingefanya hivyo. Angepita kushoto, kwenye ufa mwembamba usiotosha ngumi lakini unaotosha ncha ya kiatu.

Siku ya tatu mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Uganda. Hakuna aliyekuja kutazama. Kwao mambo yalikwisha. Niliweka mguu na sikuurekebisha. Nikasogeza nyonga, mkono ukafuata. Chini ya uvimbe nilisimama, nikakung'uta mkono mmoja, nikakung'uta wa pili. Kwenye ufa mguu wa kulia ulitaka kutetemeka. Nikausubiri mpaka ukakoma. Halafu nikapita, na mikono yangu ya magunia haikuwa na kazi kubwa.

Kileleni shangazi alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anageuza mihogo. Muuza maturubai alikuwa ameniona lakini hakusema neno. Nilisimama nyuma ya shangazi nikamwamkia. Aliruka, karai likamponyoka.

"Umetokea wapi wewe?"

"Mbele."

"Uongo. Umepita kwa mbuzi. Juzi nilikusikia tangu chini, unaguna kama ng'ombe anayezaa."

Muuza maturubai akacheka mpaka akaketi. Mimi nilikuwa nimeshahukumiwa na hakimu asiyejua kwamba anahukumu, na sikutaka cheti kingine.

Kuanzia wiki iliyofuata nililipa. Kwa mwenzangu nilibeba magunia siku tatu kamili, na wapita njia wakauliza kama diploma imeliwa na panya. Kwa muuza maturubai niliuza na kukunja siku tatu nyingine. Kwa shangazi nililima. Siku ya mwisho mvua ilikuwa imeshaanza, udongo unashika jembe, na yule mzee wa stendi akasimama kando ya barabara.

"Msomi, si umesema umepanda mbele? Sasa unalima nini?"

"Nalima deni, mzee. Wewe la kwako utalilima lini?"

Akaondoka. Nilimaliza mstari wa mwisho saa nane mchana. Shangazi akakagua kuanzia mwanzo, akapiga teke bonge moja ambalo sikulivunja, nikarudi nikalivunja.

"Haya," akasema. "Hudaiwi na mtu."

"Basi shangazi, kiangazi kikija nitakukopa tena. Ule upande wa kulia bado."

Alinitupia jiti la muhogo. Nililikwepa bila kusogeza miguu.